Parkini inapokosekana: jibu kwa mwalimu wa baiolojia wa Kayole

Swali: Daktari, hujambo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kayole, Nairobi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 33. Alipokuwa na 27 alianza kuburuta mguu wa kushoto, na vidole vya mguu huo hujikunja akitembea mwendo mrefu. Akilala kidogo mchana huamka na nafuu. Alitibiwa mgongo kwa muda mrefu, hadi daktari wa neva alipompa levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na akaanza kutembea vizuri. Damu yake ilipelekwa ng'ambo, na majibu yakasema ana kasoro kwenye jeni iitwayo PRKN: eksoni ya 4, yaani kipande cha nne cha jeni kinachosomwa kutengeneza protini, haipo kwenye nakala zote mbili. Tulielezwa kwamba jeni hiyo hutengeneza protini inayobandika alama kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizoharibika. Mitokondria nazifundisha kila mwaka, lakini hili sikulielewa. Kubandika alama kunahusianaje na mguu wa mtu? Tena nimesoma kwamba ubongo wa wagonjwa wa Parkinson hukutwa na marundo ya protini zenye alama hizo. Je, si alama zenyewe zinazoua seli? Kuna muuzaji katikati ya jiji ana vidonge vya "kuamsha mitokondria", nimnunulie? Mama yetu naye anajilaumu, anauliza alikula nini alipokuwa na mimba yake. Na watoto wake wawili je?

Jibu: Mwalimu, nianze na mama, maana jibu lake ni fupi na halifai kungoja. Hakuna alichokula. Jeni ya PRKN iko kwenye kromosomu ya 6 na ni miongoni mwa jeni ndefu kabisa tulizo nazo. Herufi zake zinapita milioni 1.3, ingawa zinazosomwa kutengeneza protini ni vipande 12 tu vilivyotawanyika ndani ya urefu huo. Isitoshe, imekaa mahali ambapo kromosomu hukatika kwa urahisi, kwa hiyo kipande kudondoka, kisha upungufu huo ukarithiwa kimyakimya kizazi hadi kizazi, si jambo la ajabu. Mama yenu alibeba nakala moja mbovu na moja nzima, baba yenu vilevile, na wote wawili wameishi bila kujua. Kila mimba yao ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kumpa mtoto nakala mbovu zote mbili. Hesabu hiyo unaichora ubaoni kila mwaka kwa njegere za Mendel. Mchoree na mama.

Sasa parkini, yaani protini inayotokana na PRKN. Jeni hii ilitambuliwa nchini Japani mwaka 1998, na kundi la Yoshikuni Mizuno na Nobuyoshi Shimizu, katika familia ambazo vijana wao walipata dalili za Parkinson mapema mno. Miongoni mwa wagonjwa wale wa kwanza wamo waliokosa eksoni ya 4 peke yake, sawasawa na mdogo wako. Wakati huo hakuna aliyejua kazi ya protini yenyewe. Miaka miwili baadaye ikabainika kuwa ni kimeng'enya kinachounganisha protini nyingine na protini ndogo iitwayo yubikwitini.

Yubikwitini ndiyo hiyo alama. Ina asidi amino (vijenzi vya protini) 76 tu, na imebadilika kidogo mno tangu enzi na enzi, kiasi kwamba yako na ya hamira zinatofautiana katika asidi amino tatu. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi seli inavyoitumia kuchagua protini za kuvunjwa. Umeziona zile X nyekundu zinazochorwa kwenye kuta za majengo ya Nairobi yaliyoingilia hifadhi ya barabara. Rangi haibomoi kitu. Kazi yake ni kumwonyesha mwenye tingatinga jengo lipi, ili asiguse la jirani. Yubikwitini nayo haina meno, ila vyombo vya seli vyenye meno vinaitafuta.

Hapo linakuja swali ambalo naona ndilo tamu kuliko yote. Parkini inajuaje ni mitokondria gani imeharibika? Seli moja ya neva ina mamia au maelfu ya mitokondria, na kwa nje zinafanana. Ukweli ni kwamba parkini haijui. Inayojua ni protini nyingine, PINK1, ambayo kasoro zake zilielezwa mwaka 2004 katika familia za Italia na Hispania zenye ugonjwa unaofanana sana na huu wa kwenu.

PINK1 hutengenezwa nje ya mitokondria muda wote, kisha huvutwa ndani kupitia malango ya protini yaliyo kwenye tando zake mbili. Kinachoivuta ni umeme wa utando wa ndani, uleule unaowaambia wanafunzi kwamba ndio unaoendesha utengenezaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli; ni milivolti 150 hivi. Ikishapenya, kimeng'enya kiitwacho PARL kinaikata, na sehemu iliyobaki inarudishwa nje ikavunjwe. Kwa hiyo kwenye mitokondria yenye afya huioni PINK1. Inaingia, inakatwa, inatupwa, dakika baada ya dakika. Ukitazama haraka utasema ni ubadhirifu, kutengeneza protini ili uitupe, lakini faida yake ni kwamba seli inapata habari papo hapo umeme unaposhuka. Utando ukivuja, PINK1 inakosa wa kuivuta. Inakwama langoni, upande wa nje, na kuanza kurundikana. Mwaka 2025 kundi la David Komander huko Melbourne lilichapisha umbo la PINK1 ya binadamu ikiwa imekwama hapohapo, mbilimbili, juu ya malango ya kuingilia. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakilichora lango hilo kwa kukisia.

PINK1 iliyokwama inafanya kazi moja, kupachika fosfeti, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye protini. Mwaka 2014 makundi kadhaa yaligundua, karibu kwa wakati mmoja, kwamba inaipachika kwenye yubikwitini yenyewe, kwenye asidi amino ya 65, ambayo ni serini. Mpaka hapo tulidhani yubikwitini ni alama tu, kumbe alama nayo inaweza kuwekewa alama. Juu ya mitokondria hazikosekani yubikwitini chache, na zikishapata fosfeti zinaivuta parkini, ambayo kwa kawaida huelea kwenye seli ikiwa imejikunja na haifanyi kazi. Parkini inapozishika inaanza kufunguka. PINK1 inaipachikia nayo fosfeti, pia kwenye serini ya 65 (namba hizo kufanana kumewachanganya wanafunzi wangu kila mwaka, kwa hiyo usishangae). Sasa parkini imeamka. Inabandika yubikwitini zaidi, PINK1 inazipachikia fosfeti, nazo zinavuta parkini nyingine. Mzunguko huo ukishaanza, mitokondria moja inafunikwa upesi huku ya jirani, yenye umeme wake, haiguswi.

Alama hizo zina matokeo kadhaa. Mitofusini, protini inayowezesha mitokondria mbili kuungana, inaondolewa, ili ile mbovu isijichanganye na nzima. Miro, inayoifunga mitokondria kwenye mota za kuisafirisha ndani ya neva, inaondolewa pia, na mitokondria inasimama ilipo. Kisha zinakuja protini za kupokea, hasa NDP52 na optinyurini, ambazo kundi la Richard Youle lilizithibitisha mwaka 2015. Mkono mmoja unashika yubikwitini, mwingine unaita utando mpya uizingire mitokondria nzima. Furushi hilo linapelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kuvunjia taka, na kumeng'enywa. Hiyo ndiyo mitofaji.

Haya hayakutoka kichwani mwa mtu. Mwaka 2006 makundi mawili yalifanya kazi na inzi wadogo wa matunda. Inzi wasio na PINK1 na wale wasio na parkini walipata madhara yaleyale: mabawa yamelegea, kifua kimebonyea kwa sababu misuli ya kurukia imekufa, madume hayazai, na mitokondria za misuli hiyo zimevimba na kuvurugika ndani. Halafu wakafanya jaribio ambalo ningelionyesha kila darasa lingepatikana. Inzi asiye na PINK1 wakampa parkini ya ziada, akapata nafuu. Asiye na parkini wakampa PINK1 ya ziada, hakufaidika. Kwa hiyo PINK1 hutangulia na parkini hufuata. Miaka miwili baadaye Derek Narendra na Youle, kwenye Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, walizipa seli parkini inayong'aa, wakaweka kemikali iitwayo CCCP inayoondoa umeme wa mitokondria. Kwenye hadubini parkini iliyokuwa imetawanyika seli nzima ilihama na kujikusanya juu ya mitokondria. Baada ya siku moja au mbili, seli nyingi hazikuwa na mitokondria hata moja.

Tuje kwenye mguu. Kila seli yenye kiini ya mdogo wako, ya ini, ya figo, ya ngozi, ina kasoro hiyohiyo. Zinazoumia ni za neva chache zilizo kwenye eneo jeusi la ubongo wa kati, zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya neva. Ni laki kadhaa tu, na seli zinapohesabiwa ubongoni kwa mabilioni, hizo ni kiganja. Lakini kila moja ina mkia unaojigawa matawi na matawi, na kwa binadamu inakadiriwa kwamba seli moja ina vituo zaidi ya milioni moja vya kutolea dopamini. Vituo vyote hivyo vinataka ATP. Juu ya hapo seli hizi hujipigia mapigo zenyewe mchana na usiku bila kuamriwa, kalsiamu ikiingia kila pigo na kulazimika kutolewa tena kwa nishati. Dopamini yenyewe ikioza ndani ya seli hutoa kemikali kali. Na hazigawanyiki, yaani ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Seli ya ini ikiwa na mitokondria mbovu inaweza kufa na nyingine ikazaliwa. Hii haina mbadala.

Dopamini hiyo hupelekwa kwenye striata, sehemu ya ubongo inayosaidia mwendo kuanza na kuendelea bila kuufikiria. Ikipungua vya kutosha, mguu haufuati. Mtu huwa ameshapoteza sehemu kubwa ya vituo hivyo kabla hajaona dalili yoyote, ndiyo maana hakuna siku ambayo mdogo wako anaweza kusema "nilianza kuugua siku hii". Vidole kujikunja na ile nafuu baada ya usingizi ni mambo yanayojulikana sana kwa wagonjwa waliokosa parkini. Ningemfundisha daktari yeyote kijana ashtuke akiyasikia pamoja kwa mtu wa umri huo, kabla hajapiga picha ya mgongo kwa mara ya tatu.

Swali lako la pili, kama alama zenyewe ndizo zinazoua, ni zuri kuliko unavyodhani. Ni kweli kwamba marundo hayo yapo. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba vile vibonge viitwavyo miili ya Lewy, vinavyokutwa kwenye ubongo wa wagonjwa wengi wa Parkinson, vina yubikwitini; baadaye ikaonekana vina pia protini iitwayo alfa-sinukleini. Mtu akiona alama imejaa kwenye eneo la uharibifu, ni rahisi kuishuku. Lakini watazame wagonjwa wa aina ya mdogo wako. Hawana kimeng'enya cha kubandika alama hizi za mitokondria, na bado seli zao zimekufa mapema kuliko za watu wengine. Kama alama ingekuwa muuaji, wao wangekuwa salama kuliko sote. Na wengi wao waliochunguzwa baada ya kufariki hawakuwa na miili ya Lewy kabisa. Kwa mdogo wako, basi, tatizo ni kukosa alama. Kwa wazee wenye Parkinson ya kawaida, vipimo vya yubikwitini yenye fosfeti vinaonyesha kinyume. Alama zinaongezeka kadiri umri unavyosonga, na zaidi kwenye ubongo wenye ugonjwa. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: kwao alama zinawekwa, ila mitokondria zinaharibika kwa kasi kuliko zinavyozolewa, au lisosomu imechoka.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu, kwa sababu makala nyingi huruka kutoka kwa familia chache zenye kasoro ya parkini hadi kwa kila babu anayetetemeka. Parkinson zinazotokana na jeni moja ni sehemu ndogo ya ugonjwa wote. Kwamba mitokondria zinahusika hata kwa wengine, hilo lina ushahidi wake. Mwaka 1983 daktari William Langston wa California alieleza vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyochanganyika na kemikali iitwayo MPTP, wakaganda kama wagonjwa wa miaka mingi. Kemikali hiyo hugeuzwa mwilini kuwa sumu inayoziba sehemu ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji wa mitokondria. Mwaka 1989 watafiti wa London wakaonyesha kwamba sehemu hiyohiyo imedhoofika kwenye eneo jeusi la ubongo wa wagonjwa wa kawaida. Lakini kutoka "mitokondria zinahusika" hadi "kubandika alama kumeshindikana" kuna hatua, na si kila mgonjwa ameonyeshwa kuipitia.

Hata maabara zina utata wake. Seli zilizotumiwa na Youle zilijazwa parkini kupita kiasi na kupigwa kemikali ambayo hakuna ubongo unaokutana nayo. Panya walionyimwa PINK1 au parkini hawaugui Parkinson ya maana. Mwaka 2018 kundi la Ian Ganley, Dundee, lilionyesha kwamba panya wasio na PINK1 wanaendelea kuzoa mitokondria zao ubongoni karibu kama kawaida, kwa njia nyingine. Mwaka huohuo Youle na wenzake wakaonyesha upande mwingine. Panya hao wakilemewa, kwa mazoezi ya kuwachosha kabisa au kwa kasoro zinazorundikana kwenye DNA ya mitokondria, miili yao inawaka uvimbe wa kinga, kwa sababu mitokondria zisizozolewa zinavujisha DNA yake na seli inaichukulia kama uvamizi wa vijidudu. Maoni yangu, na si kila mwenzangu atakubali, ni kwamba PINK1 na parkini ni njia ya dharura. Kwa panya anayeishi miaka miwili dharura zinaweza zisifike. Kwa seli ya binadamu inayopaswa kudumu miaka 80 zitafika, na mara nyingi.

Kuna jambo linalotuhusu Waafrika moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho ya njia hii. Mwaka 2023 utafiti uliowashirikisha wagonjwa wengi wa Nigeria ulipata badiliko kwenye jeni ya GBA1 ambalo halionekani kwa Wazungu ila limeenea kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwenye nakala moja anaongezewa hatari ya Parkinson kama mara moja na nusu, mwenye mbili kama mara tatu na nusu. GBA1 hutengeneza kimeng'enya cha lisosomu, palepale furushi la mitokondria linapopelekwa. Halina uhusiano na mdogo wako, lakini ni sababu tosha ya kutonakili takwimu za Ulaya na kuzibandika hapa.

Na magonjwa mengine ya neva? ALS, inayoua neva zinazoendesha misuli, inaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Kasoro za optinyurini zilihusishwa nayo mwaka 2010, na za TBK1, kimeng'enya kinachoipa optinyurini nguvu ya kushika alama, mwaka 2015. Protini hizo mbili zina kazi nyingine pia, kwa hiyo siwezi kukuambia ALS ni ugonjwa wa mitofaji. Kwa Alzheimer ushahidi upo ila ni wa pembeni zaidi. Huko bado vinara ni protini mbili, amiloidi na tau.

Vidonge usinunue. Hoja ya "kuamsha mitokondria" imeshajaribiwa kwa watu, na kwa njia ya heshima. Koenzaimu Q10, kwa dozi kubwa, ilipewa wagonjwa katika jaribio la watu 600 lililochapishwa mwaka 2014, na haikuwa na tofauti na kidonge kisicho na dawa. Kreatini ilijaribiwa kwa watu 1,741, matokeo yakatoka 2015, vilevile hakuna. Kama majaribio yale hayakuona kitu, muuzaji wa katikati ya jiji hana alichokiona zaidi yao. Tena fikiri kama mwalimu. Tatizo la mdogo wako haliko kwenye nguvu za mitokondria nzima. Liko kwenye kuondoa zilizoharibika, na kidonge cha kuzipa nguvu zilizobaki hakigusi hapo.

Dawa zinazolenga njia yenyewe zinakuja polepole. Kimeng'enya kiitwacho USP30 hukaa juu ya mitokondria na kubandua yubikwitini ambazo parkini imebandika. Ugunduzi huo ni wa 2014, na dawa za kukizuia zimeanza kujaribiwa kwa binadamu. Nyingine zinalenga kuitia PINK1 nguvu. Kwa mgonjwa mwenye parkini dhaifu naona mantiki. Kwa aliyepoteza eksoni ya 4 pande zote mbili, ambaye usomaji wa vipande vinavyofuata umevurugika na huenda hana parkini kabisa, kuzuia mbanduaji wakati mbandikaji hayupo kunanipa shaka. Kwake nategemea zaidi utafiti wa kurudisha jeni yenyewe au kupandikiza seli, ambao bado ni mchanga.

Alicho nacho sasa si kidogo. Wagonjwa waliokosa parkini huitikia levodopa vizuri, hata kwa dozi ndogo, na ugonjwa wao huenda polepole kuliko wa wazee. Upungufu ni kwamba vijana hupata mapema ile miendo isiyotakiwa, mwili kujinyonganyonga dawa inapokuwa kileleni, kwa hiyo dozi isipandishwe kwa pupa. Anywe dawa nusu saa au zaidi kabla ya chakula, hasa chakula cha nyama au maharagwe, kwa sababu asidi amino za chakula hushindania na levodopa mlango uleule wa kuingilia damu na ubongo. Daktari akimwongezea dawa za kundi la pramipeksoli, zinazoiga dopamini, kaa macho na simu yake. Dawa hizo kwa baadhi ya watu huamsha tamaa ya kamari isiyozuilika, na Nairobi hii kubeti ni kubonyeza tu. Mazoezi, kwa upande wake, yana faida ya kweli kwa mwendo na mizani.

Kuna wasomaji huniuliza kuhusu upupu, huo huo unaowasha. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, asilimia 3 hadi 6 hivi, na imeonyeshwa kwamba unga wake hufanya kazi. Lakini hauna kabidopa, ile inayozuia levodopa isiishie tumboni na kwenye damu, kwa hiyo kichefuchefu ni kikubwa, na huwezi kujua kijiko cha leo kina kiasi gani. Aliye na dawa zake dukani asizibadilishe na upupu.

Mwisho, watoto. Kila mmoja wao amepokea nakala moja mbovu kutoka kwa baba yake, hilo halina mjadala. Anaweza kuugua tu kama mama yao naye ni mbebaji, na kama hana undugu wa damu na familia yenu uwezekano huo ni mdogo. Hawana dalili, na hakuna dawa ya kuzuia, kwa hiyo sioni haja ya kuwapima wakiwa wadogo. Waamue wenyewe wakishakuwa watu wazima. Wewe, kama umepita umri wa mdogo wako bila dalili, una nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Ukitaka kujua, usikubali kipimo cha kusoma herufi za jeni peke yake. Kwa mtu aliyepoteza eksoni kwenye nakala moja tu, kipimo hicho husoma ile nakala nzima na kutoa majibu safi. Omba kipimo kinachohesabu idadi ya nakala za kila eksoni, na uende na ripoti ya mdogo wako mkononi ili maabara ijue inatafuta eksoni ya 4.